Sweta za Makete, Joto la Kariakoo

Mwezi wa Februari kaskazi huvuma baharini, lakini ikifika Kariakoo hukuta maghorofa yamesimama bega kwa bega, ikakosa pa kupita. Mchana joto hupanda nyuzi 32 na zaidi, usiku hushuka kidogo tu, na kwa unyevu uliopo hewani jasho likitoka halikauki, linabaki mwilini. Ni mwezi huo wifi yangu aliporudi kutoka hospitali na mtoto wa kiume, na haukupita muda nyumba nzima ikaingia kwenye kesi ya vipele. Kesi hiyo iliwagusa bibi wawili, majirani wa ngazi nzima na kijana wa duka la dawa, mpaka muuguzi mmoja wa kliniki alipoimaliza kwa beseni la maji.

Tunakaa ghorofa ya tatu, upande wa Mtaa wa Narung'ombe. Ndani yumo mama yetu, kaka na mkewe, mimi na mwanangu anayesoma darasa la kwanza. Chumba cha kaka kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jengo la jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa. Feni ipo, ila kazi yake ni kuizungusha hewa ileile iliyolala humo tangu asubuhi.

Wifi ni Mkinga. Mtu wa Kariakoo haambiwi Wakinga ni nani: ukiingia kutafuta vitenge, mashuka au vyombo, mara nyingi mwenye fremu ni mtu wa Makete aliyeanza na meza ya barabarani. Mama yake alipopata habari ya mjukuu, alifunga safari kutoka Njombe akateremka Mbezi, kituo cha Magufuli, na mabegi mazito. Kaka alidhani amebeba viazi. Viazi vilikuwemo, lakini chini yake zilijaa sweta za kufuma kwa mkono, kofia za sufu zenye kamba za kufungia kidevuni, soksi nene na blanketi la manyoya la rangi ya maziwa. Alizifuma msimu mzima akimsubiri mtoto.

Kwao alifanya sawa kabisa. Sehemu kubwa ya Makete iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai sakitu hulala juu ya majani ya viazi mpaka jua litoke. Mtoto mchanga asipofunikwa huko hupoa mwili, na kupoa kwa mwili kunaua watoto wachanga. Bibi wa Makete amelea watoto na wajukuu kwa ujuzi huo, na wote ni wazima. Akaingia ghorofani kwetu, akanawa mikono, akampokea mjukuu, akashika vidole vyake.

"Mkono wa baridi huu," alisema. "Mnamwacha mtoto hivi?"

Mama yetu, aliyezaliwa Gerezani na kukulia joto hilihili, akajibu kwa adabu, "Mkwe wangu, huku pwani. Mtoto anataka hewa."

"Hewa ndiyo inayoleta kichomi, mkwe."

Watu wawili wanaoheshimiana hivyo hawagombani. Dirisha likafungwa, feni ikageuziwa ukuta, mtoto akavalishwa. Bibi aliomba hata jiko la mkaa liwekwe chumbani kumpashia mzazi maji, na hapo kaka alikataa kwa heshima lakini bila kusita, maana moshi wa mkaa usioonekana umeshaua familia zilizolala na jiko ndani. Bibi akaelewa. Sweta zikabaki.

Vipele vya kwanza vilitokea kwenye paji la uso, pale ukingo wa kofia ulipobana. Vilikuwa vidogo kama punje za chumvi, vimejaa maji maangavu, ukivigusa vinapasuka bila mtoto kushtuka. Kesho yake vikashuka shingoni, na huko vilikuwa vya namna nyingine: vyekundu, vimesongamana, vimekaa ndani ya mikunjo ile ya shingo ya mtoto aliyenona, ambako maziwa yanayodondoka kinywani hukutana na jasho. Ukiufungua mkunjo kwa kidole unaona ngozi imeiva, imelowa, inanukia maziwa yaliyochacha. Vikafika kifuani, mgongoni, kwapani na kwenye mstari wa pampasi. Mtoto akaanza kulia kilio kifupi kinachokatika-katika, akigeuza kichwa huku na huku juu ya mto.

Kwenye ghorofa za Kariakoo kilio cha mtoto hakina mlango. Jirani wa kwanza alipanda akasema ni surua. Wa pili akasema surua gani, hii tetekuwanga. Wa tatu akanong'ona kwamba mtoto kaonwa na jicho, afungwe kitu shingoni; na uzi mweusi ukaletwa ukafungwa palepale penye mkunjo uliokuwa umewaka. Mama yetu akasaga liwa, akaichanganya na mafuta ya nazi, kwa kuwa ngozi ya pwani imetunzwa hivyo vizazi na vizazi. Kaka alirudi na kopo kubwa la poda, akapaka mpaka mtoto akawa mweupe na kupiga chafya. Bibi wa Makete akaongeza mafuta ya mgando, maana kwao ngozi ya mtoto hupasuka kwa baridi na mafuta hayo ndiyo dawa. Na kijana wa duka la dawa, bila kumwona mtoto, akauza krimu ya tyubu na kusema, "Hii inamaliza kila kitu cha ngozi."

Kila mmoja alileta kwa mapenzi. Lakini poda ilikutana na mafuta, mafuta yakakutana na jasho, na ndani ya mikunjo ukajengeka udongo mweupe mzito unaokauka pembeni na kulowa katikati. Chini yake ngozi haikuwa na pa kupumulia.

Usiku ule umeme ukakatika. Feni ilizima, nyumba ikanyamaza, kisha jenereta za mtaa mzima zikaamka kwa pamoja. Chumba cha dirisha moja kikawa hakikaliki. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Wifi alimtoa blanketi, mama yake akalirudisha. Akamtoa tena, likarudi tena, wote wawili wakitokwa machozi, kila mmoja akihofia kumpoteza mtoto kwa sababu iliyo kinyume na ya mwenzake. Tulikesha tukimpepea kwa kipande cha boksi la mitumba.

Alfajiri tulishuka kliniki ya mama na mtoto, bibi wote wawili wakiwa mbele.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mtu mzima, wa sauti ya chini. Hakuuliza nani kafanya nini. Alipima joto la mtoto kwanza, akatuonyesha kipimo: hana homa. Kisha akaanza kumvua. Kofia. Sweta. Fulana. Uzi wa shingoni akaukata kwa mkasi na kumkabidhi wifi. Soksi. Pampasi. Mtoto alipobaki mtupu juu ya kanga kavu, kilio kilipungua kabla hajaguswa na dawa yoyote, na bibi wote wawili walishuhudia.

Akachukua beseni la maji ya kawaida ya bomba, yasiyo ya moto na yasiyo ya barafu, akalowesha kitambaa laini, akausafisha mkunjo mmoja baada ya mwingine bila kusugua. Ule udongo mweupe ulitoka vipande vipande. Alikausha kwa kubonyeza, akaacha kila mkunjo wazi upigwe na hewa. Ndipo akasema, "Hii ni harara. Siyo surua, siyo tetekuwanga, na hakuna aliyemwonea mtoto wenu kijicho."

Maelezo yake yalinyooka. Tezi za jasho mtoto huzaliwa nazo, lakini mirija ya kutolea jasho hilo bado haijakomaa. Akifunikwa kwenye joto, ngozi hulowa, tundu la mrija huziba, na jasho lililokwisha kutengenezwa hukosa njia, likabaki ndani ya ngozi. Likizibwa juu kabisa, hutokea vile vitone vya maji maangavu visivyouma. Likizibwa chini zaidi, ngozi huwaka, hapo ndipo hutokea vipele vyekundu vinavyochoma na kuwasha. Kwa hiyo chochote kinachozidi kuziba, kiwe mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, liwa au poda iliyogandamana, kinaongezea ugonjwa. Poda ina hatari nyingine pia: vumbi lake huvutwa na mapafu madogo ya mtoto, ndiyo maana madaktari wa watoto katika nchi nyingi hawaishauri tena.

Akaichukua ile tyubu, akasoma upande wa nyuma, akaiweka kando. "Hii ina steroidi kali. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, dawa inapita kuingia mwilini, hasa ndani ya pampasi. Ukiizoea, ngozi yenyewe huzidi kuwa nyembamba na kuchanika. Kuna haidrokotisoni nyepesi ambayo daktari anaweza kuiandika kwa siku chache, lakini ni daktari, baada ya kumwona mtoto." Kwa muwasho, alisema, losheni ya kalamini ile ya rangi ya waridi inatosha kwa mtoto mkubwa kidogo; kwa mtoto mchanga, maji na hewa vinatosha.

Kisha akamgeukia Bibi wa Makete, akampa shikamoo upya. "Bibi, umesema mikono yake ni ya baridi. Ni kweli, ya watoto wachanga wote huwa hivyo, damu yao bado haijazoea kufika vidoleni. Mkono haukwambii kitu. Mshike hapa." Akauchukua mkono wa bibi, akauweka nyuma ya shingo ya mtoto, chini ya kisogo. "Pakiwa pana joto na pamelowa, amezidishiwa nguo. Pakiwa na joto la kawaida na pakavu, yuko sawa. Pakiwa pa baridi, mwongezee. Kipimo hiki kinafanya kazi Dar, na kinafanya kazi Makete."

Bibi aliuacha mkono pale kwa muda mrefu. Hakuambiwa kwamba amekosea. Aliongezewa ujuzi juu ya ule aliokuwa nao. Tangu siku hiyo hakuna aliyempima mtoto shingo mara nyingi kama yeye, na mtu akimfunika kanga ya pili, yeye ndiye wa kwanza kuuliza, "Umeshika shingo?"

Tuliporudi, mama yetu alitoa uamuzi ambao hakuna aliyemwomba. Chumba chake ndicho kinachotazama barabara, chenye dirisha pana linalopata upepo wa jioni. Alihamisha kitanda chake kwenda chumba cha ukutani na kuwaachia wazazi cha kwake. "Mimi nimeshazoea," alisema, na hakutaka shukrani. Bibi wa Makete akamfuata huko huko, wakalala wawili kitanda kimoja, wakiongea mpaka usiku mwingi.

Utaratibu mpya ulikuwa mfupi. Mtoto alivaa fulana moja nyepesi ya pamba au nepi peke yake. Pampasi ilibaki ya kutokea, na nyumbani alipewa saa kadhaa kila siku za kulala bila kitu juu ya kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika. Plastiki ya godoro, ambayo watu wengi hulala nayo ili godoro lisichafuke, tuliivua na kutandika shuka la pamba. Feni ilirudi, ikapigishwa pembeni ili hewa ipite chumbani bila kumpiga usoni, na chandarua kikabaki, kwa sababu malaria haitoki nyumbani eti kuna joto. Alioga asubuhi na jioni kwa maji ya kawaida, sabuni ikigusa pale penye uchafu tu. Kila baada ya kunyonya, wifi alifungua mikunjo ya shingo na kupangusa maziwa. Mbeleko ilipumzika mchana, maana mgongo wa mama na kifua cha mtoto vikigusana kwenye jua la saa nane, wote wawili huchuruzika.

Suala la maji ya kunywa lilizuka pia. Jirani alishauri mtoto apewe maji ya glukosi kwa sababu ya joto. Wifi alikataa, na alikuwa na haki: maziwa ya mama sehemu yake kubwa ni maji, na kwa miezi 6 ya kwanza yanatosha hata katika Februari ya Dar es Salaam. Mtoto mwenye kiu huomba ziwa mara nyingi zaidi. Anayehitaji maji ya ziada ni mama anayenyonyesha.

Vipele vilianza kufifia mara tu ngozi ilipopoa, na ndani ya siku chache shingo ikarudi kuwa shingo.

Tukadhani yamekwisha. Ndipo mwanangu akaanza kujikuna mgongo kwenye kona ya kabati. Mtoto huyu ni Yanga wa kuzaliwa, na tangu anunuliwe jezi alikataa kuivua, akalala nayo, akaamka nayo, akaivaa chini ya shati la shule. Juu yake akavaa sweta la shule, maana shule nyingi za jijini sweta ni sehemu ya sare hata pale jua linapochoma lami. Nilipoivua jezi, mgongo wote kuanzia mabegani ulikuwa mwekundu na una makovu ya kucha. Jezi hizi, ziwe za Msimbazi au za Jangwani, ni nyuzi za kiwandani: zinamfaa anayekimbia uwanjani na kuoga baadaye, hazimfai mtoto anayeshinda na kulala nazo. Mjadala ulikuwa mrefu na wenye machozi. Tulikubaliana jezi iwe ya jioni, saa ya mpira, na akirudi anaoga kabla ya kukaa. Kucha zikakatwa, kalamini ikapakwa mgongoni, na sweta likakunjwa ndani ya begi. Mwalimu wake, nilipomweleza, alikubali bila neno. Naamini walimu wengi wangekubali wakielezwa.

Jioni zile tuliwapeleka watoto viwanja vya Mnazi Mmoja, chini ya miti, na bibi wawili wakikaa kwenye benchi na mtoto mapajani. Huko ndiko mama yetu alikomsimulia mkwe wake Kariakoo ya utotoni mwake: nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, mlango wa mbele ukifunguliwa na wa uani ukifunguliwa, upepo unapita kati kama mgeni anayeijua nyumba. Mtoto mchanga alilazwa uani, kivulini. Hata soko kuu alilolisanifu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, lilijengwa kwa kuifikiria hali ya hewa hii: miavuli mikubwa ya zege juu, inayozuia jua na kukusanya mvua, na kuta zilizoachwa wazi ili hewa ipite. Soko hilo liliungua Julai 2021. Na kabla ya hapo, tangu miaka ya 1990, nyumba za ukumbi na ua zilikuwa zimeshaanza kuvunjwa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa, kila kiwanja kikijengwa mpaka mpakani. Tulipata fremu na vyumba vingi. Tukapoteza upepo, na ngozi za watoto ndizo za kwanza kuonyesha hasara hiyo.

Mwenye kujenga na asikie hili: dirisha linalotazama ukuta halimsaidii mtoto. Acha nafasi kati ya jengo na jengo, weka matundu ya hewa juu ya milango, toboa madirisha pande mbili zinazokabiliana. Na wewe unayepanga, ukiwa na mtoto mchanga, chumba chenye upepo ndicho chake, hata kama ni cha wageni au cha mwenye nyumba.

Kwa mama aliye na mtoto anayelia usiku wa kaskazi, haya ndiyo ya kushika. Harara hukaa pale nguo inapogandana na mwili, haina homa, na hupungua mtoto akipoa. Surua huja na homa, kikohozi na macho mekundu, na chanjo yake hapa Tanzania hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, usiikose. Tetekuwanga huja na malengelenge mwili mzima na mara nyingi homa. Upele wa kuambukiza huwasha zaidi usiku, na mara nyingi wenzake nyumbani wanajikuna pia. Ukiona usaha, uvimbe, ngozi yenye joto na maumivu, tezi zilizovimba shingoni au kwapani, au vipele ambavyo havijapungua baada ya siku chache za kumpoza, nenda kituo cha afya. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akipata homa, nenda saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana, awe na vipele au hana.

Kariakoo kila kitu kinauzwa, na mtu mwenye mtoto anayelia hununua chochote anachoonyeshwa. Kabla hujashuka ngazi kwenda dukani, mvue mtoto, mwogeshe kwa maji ya kawaida, mweke penye hewa, kisha subiri kidogo ukiwa umemshika nyuma ya shingo. Mara nyingi hutahitaji kushuka.